Kamba ya Watasema

Baba alifuga mbwa wa kuwinda kule kwetu Kabambare, na hakumwamini hata mmoja kabla hajamjaribu. Mtoto wa mbwa alipoanza kukimbia, baba alimfungia uani pamoja na vifaranga wa mama. Asiyewagusa alivishwa kengele ya mbao, akaenda porini kuwinda. Aliyemrukia kifaranga alifundishwa upya. Akirudia tena, baba alimpeleka nyuma ya nyumba na kurudi peke yake.

Nilikumbuka hayo hospitalini Kasongo, vidole vyangu vimevimba. Nilikuwa nimekwenda kumwambia daktari Rachida kwamba dawa zake basi, nimechoka kumeza bila kupona. Mume wangu Déo alitaka tumtafute mchawi aliyeniroga. Alikuwa tayari amemnunia jirani yetu Léontine, maskini, ambaye kosa lake ni kunisalimia sana. Hilo nalo nikamwambia daktari.

"Mama Odile, hakuna mutu alikuroga," alisema daktari. "Mu mifupa munazaliwa askari wa damu kila siku. Mbele ya kutoka mule, wanaonyeshwa vitu vya mwili. Mwenye anashika mwili wake mwenyewe sawa adui, wanamupa nafasi abadilishe silaha. Akishindwa, anakufa palepale. Kwako wamoja walipenya, sasa wanakupiga weye."

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kimeingia mpaka mifupani!

"Sawa na vifaranga wa mama," nikasema. Daktari akanitazama asielewe. Nilicheka, kisha nikalia, maana nilimkumbuka baba sana dakika ile.

"Na wenye walipenya, munawaua?"

"Hatuwezi kuwamaliza. Tunawafunga na dawa. Ukiacha, wanafunguka."

Basi nikamkumbuka Watasema. Mbwa huyo hakuwagusa vifaranga, aliwinda vizuri, kisha siku moja akaniuma mguu. Kovu lipo. Mama alitaka auawe. Baba akasuka kamba, akamfunga kwenye nguzo ya jiko. "Ule iko wetu," alisema. "Tutakaa naye, lakini na kamba." Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, alilikagua lile fundo na kumwambia, "Lala, Watasema." Waliishi hivyo mpaka mbwa akazeeka.

Pikipiki ilinirudisha nyumbani nikiwa vumbi tupu. Déo alinipokea mlangoni.

"Daktari alimutaja mutu?"

"Alimutaja. Ni miye mwenyewe. Kesho uende umusalimie Léontine."

Asubuhi, kabla sijanawa uso, nikaweka kidonge mdomoni, nikanywa maji.

"Lala, Watasema," nikasema.