Mto Ukinguruma, Zima

Mama yangu hakuhitaji simu ili ajue bei ya umeme. Aliusikiliza mto. Kituo cha kuzalisha umeme kiko juu kidogo ya nyumba yake, na bei ikipanda sokoni, kampuni hufungulia maji ya bwawa ili iuze kwa wingi. Mto unanguruma, nasi watu wa bonde la Tveitdal, huku Norwe, tunajua saa ya kunyonywa imefika. Mama, anayeishi peke yake tangu Baba afariki, alikuwa akiinuka, anazima hita ya sebuleni, ya bafuni, ya jikoni, kisha anajikunyata chini ya blanketi la sufu mpaka mto utulie.

Nakasirika hata sasa ninapoandika. Maji ni yetu. Maporomoko yalikuwa kwenye shamba la babu yangu, na watu wa serikali walipokuja kuyachukua walikunywa kahawa mezani pake wakaahidi umeme wa bei nafuu, vizazi na vizazi. Baadaye nyaya zikatandazwa chini ya bahari hadi Ujerumani na Uingereza, umeme ukawa bidhaa ya soko la jumla, bei inabadilika kila saa na kutua moja kwa moja kwenye bili ya bibi kizee. Upepo wa kuzungusha mitambo ya umeme ukikosekana Ujerumani, wao hununua wetu, bei inapaa, na Mama anakunywa kahawa baridi Norwe. Mtu aniambie hiyo ni akili ya wapi.

Vuli iliyopita Halldis, muuguzi wa halmashauri, alipima joto la nyumba akatikisa kichwa.

"Ragnfrid," aliniambia kibarazani, "mama yako hawezi kupita msimu wa baridi humu. Ama nyumba ipate joto, ama nimwombee nafasi nyumba ya wazee. Kwa msimu wa baridi tu."

Bondeni kwetu hakuna aliyewahi kurudi kutoka kwenye huo "msimu wa baridi tu".

Bahati nzuri, bunge lilikuwa limepitisha bei ya serikali. Kila nyumba ya kuishi inaweza kulipa bei moja, usiku na mchana, na soko likipanda serikali inabeba tofauti. Ila lazima uiombe mwenyewe. Nilimweleza Mama huku nikimkatia jibini ya kahawia ya kula na mkate. Alinijia juu.

"Niombe? Niombe maji ya baba yangu? Waje wao waniombe mimi!"

"Mama, si sadaka. Ni sheria."

"Mwenye nyumba apige hodi kwake mwenyewe, hiyo nayo ni sheria?"

"Haya, kibebe hicho kiburi uende nacho nyumba ya wazee. Watakulisha chakula cha jioni saa tisa mchana na kukuita 'kipenzi'."

Alitafuna mkate wake.

"Huko hita zinawaka?"

"Zinawaka."

"Bili analipa nani?"

"Halmashauri."

"Wendawazimu hawa! Nikikaa kwangu nigande, nikihama wanipashe joto bure?" Akasukuma sahani. "Lete hiyo simu. Siendi kufa katikati ya watu wanaocheza bingo."

Tulijaza ombi pamoja kwenye simu, yeye akiitukana kila namba ya siri iliyotakiwa. Kahawa ilikuwa haijachemka jibu lilipoingia.

"Tayari," nikasema.

"Tayari nini?"

"Wamekubali. Mto ungurume usingurume, bei yako ni ile ile."

"Hivi tu?"

"Hivi tu, Mama."

"Na huko bungeni? Ilikuwa kazi kubwa?"

"Walijadili, wakapiga kura. Basi."

Nilidhani atafurahi. Aligeuka akautazama mlango wa chumba kidogo kando ya jiko, alikolala Baba katika msimu wake wa mwisho wa baridi, mwaka ule bei ilipopaa kuliko tulivyowahi kuona. Baba alikuwa na mapafu mabovu. Mto ulipoanza, yeye mwenyewe ndiye aliyemwita Mama kutoka kitandani, meno yakigongana: "Zima, Gudveig, unanguruma." Na Mama alizima, kwa sababu bili ya mwezi uliotangulia ilikuwa imemeza pensheni zao zote mbili.

"Kumbe iliwezekana," alisema.

Niliiweka simu mezani.

"Ragnfrid, miaka yote ile walituambia soko halishikiki, kama hali ya hewa. Kumbe ni kunyoosha mikono tu. Walikuwa wapi?"

Alisimama, akaufungua ule mlango, akawasha hita ya ukutani, akaizungusha hadi mwisho. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri.

"Mama, humo hamna mtu."

"Najua hamna mtu," alisema. "Hamna mtu kwa sababu walichelewa."