Mstari Kwenye Boksi la Shayiri

Mpira ulivuka kijito, ukavuka na grini yenyewe, pale penye nyasi fupi na shimo, ukadunda kwenye nyasi kavu za nyuma, ukateremka ufukweni kwa ndege wa baharini. Nikabaki nimesimama na fimbo begani kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

"Netta," Jessie akasema, "hebu niambie unakula nini siku hizi, na mimi nikanunue."

Sikucheka. Tulikuwa shimo la kumi na sita, kwenye kiwanja chetu cha gofu cha Inverlaw, na fimbo ilikuwa chuma namba saba. Mwaka uliopita mpira wa namna hiyo hiyo, kutoka pale pale, ulitupotezea mechi ya Septemba na wanawake wa Pitcarron, ng'ambo ya ghuba. Mechi ile huchezwa wawili wawili kwa mpira mmoja, mmoja akipiga, mwenzake anafuata. Jessie anaanza shimo la kwanza, mimi la pili, yeye la tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwa hiyo kumi na sita ni langu, na aibu yake ni yangu.

"Catriona naye anapiga vizuri siku hizi," Jessie akasema tukiteremka kuutafuta mpira. Catriona ni yule mwalimu mpya wa shule, bado kijana, magoti yake mazima yote mawili.

"Amekuomba mcheze pamoja?"

"Nani kasema ameomba? Nasema anapiga vizuri."

"Ulilisema hilo kanisani pia."

"Basi ni kweli, maana sisemi uongo kanisani."

Mimi na Jessie tumecheza pamoja tangu watoto wetu wanasukumwa kwenye vigari. Nikajua kabisa kwamba nikiutupa mpira ufukweni tena Septemba, mwaka utakaofuata mimi nitabeba chupa ya chai na Catriona atabeba fimbo.

Njiani kurudi nikawa nawaza. Nilikuwa nimetimiza miaka sabini na moja. Ile fimbo ndefu ya kuanzia, yenye kichwa kama mkate mdogo, kila mwaka inanipa umbali pungufu. Nimezoea, ndio mwili. Lakini vyuma vyangu, zile fimbo za vichwa bapa vya chuma, vilikuwa vinazidi kwenda mbali. Na mkono ni ule ule. Hauwezi kuzeekea fimbo moja ukarudi ujana kwa nyingine. Mtu alikuwa anazichezea fimbo zangu.

Wa kwanza niliyemshuku alikuwa Jessie mwenyewe. Tulinunua seti za namna moja, duka moja, siku moja. Ingekuwa rahisi kubadilishana, kwa makosa au kwa makusudi. Tulipofika klabu nikachomoa saba yake begini mwake, nikaibana na yangu, mpini kwa mpini, nikatazama vichwa. Uso wa saba yake ulikuwa umelala nyuma kama mtu kwenye kiti cha uvivu. Wa yangu ulikuwa umekaa wima, na uso ukiwa wima mpira huenda chini chini na mbali zaidi.

"Unazipima kama viatu?" Jessie akauliza.

"Hii ni yako kweli?"

"Ina meno ya mbwa wangu kwenye raba ya mpini. Unataka nimlete atoe ushahidi?"

Meno yalikuwepo. Yangu nayo ilikuwa na ile alama ya rangi ya kucha niliyoitia mwenyewe. Hakuna aliyebadilisha kitu. Uso wa fimbo yangu ulikuwa umepindwa, na kuupinda uso wa chuma hakutaki mikono mitupu. Kunataka jiriwa ya kukibana chuma. Na jiriwa ninayoijua mimi iko bandani, nyuma ya nyumba yangu.

Mume wangu Lorne alikuwa fundi wa mabomba mpaka alipostaafu. Kila msimu wa baridi hupeleka fimbo zetu zote bandani, azisafishe na kuzibadilisha raba za kushikia. Mtu mwema, hanywi kupita kiasi, anaosha vyombo. Ila ana jambo moja: amezaliwa Pitcarron. Tangu anioe, kila siku ya mechi watu wa Inverlaw humuuliza, "Leo uko upande gani, mzee?" naye hujibu, "Upande wa keki." Watu hucheka. Mimi pia nilikuwa nikicheka. Lakini dada yake Muriel ndiye nahodha wa wanawake wa Pitcarron, na ndiye aliyesimama pale kumi na sita mwaka ule, akiutazama mpira wangu ukienda zake ufukweni, akasema, "Pole, wifi," kwa sauti ambayo haikuwa na pole hata kidogo.

Siku moja nikampelekea Lorne chai bandani bila kugonga mlango. Akageuka upesi, akasukuma kitu nyuma ya makopo ya rangi. Nikakiona kabla hakijafichika: raba nyembamba ya buluu, ya mkono wa mwanamke. Mimi sina fimbo ya raba ya buluu.

"Unatengeneza nini, baba Ailsa?"

"Napanga panga tu."

"Makopo?"

"Makopo, misumari. Weka hapo chai, mama."

Nikaweka chai, nikatoka. Nikawa na picha nzima kichwani: zangu anaziharibu, za dada yake anazitengeneza. Sikutaka kuiamini, lakini kila nilipoisukuma ilirudi. Hata boga alilompelekea Muriel wakati wa Pasaka nikalikumbuka upya.

Sikumwuliza. Mtu ukimwuliza mapema unampa nafasi ya kupanga jibu. Nikachukua boksi la shayiri la uji wa asubuhi lililokwisha, nikalikata upande mmoja. Nikaegemeza mpini wa saba yangu kwenye fremu ya mlango wa jikoni ili usimame wima, nikaiweka kadibodi ubavuni mwa kichwa, nikachora kwa penseli ulalo wa uso wake. Kadibodi nikaificha chini ya vitambaa vya meza. Kisha nikampelekea fimbo Lorne.

"Raba ya saba inateleza. Hebu nibadilishie."

"Iache hapo."

Nikasubiri. Kusubiri najua, nimelea watoto na wajukuu, na nimeishi Inverlaw ambako ukungu wa bahari ukiingia unakaa kadiri upendavyo. Akairudisha fimbo na raba mpya, safi, inanukia duka. Alipokwenda kununua gazeti nikaisimamisha tena pale pale mlangoni, nikachora mstari wa pili juu ya wa kwanza.

Haikulingana.

Jioni, sahani za nyama ya kusaga na viazi zikiwa mezani, nikaiweka kadibodi mbele yake, karibu na chumvi.

"Hii nini?" akauliza.

"Wewe niambie. Mstari huu ni saba yangu kabla haijaingia bandani. Huu ni ilipotoka."

Akavaa miwani. Akaitazama muda mrefu, na shingo yake ikaanza kuwa nyekundu kama anavyokuwa akidanganya au akiwa na homa.

"Muriel amekuahidi nini?" nikamwuliza.

"Muriel?"

"Usinifanye mtoto, Lorne. Mwaka jana umenipinda fimbo nikapiga ufukweni mbele ya dada yako. Mwaka huu unaongeza."

Akasogeza sahani. "Mama Ailsa. Hebu angalia mstari umekwenda upande gani."

Nikaangalia. Nilikuwa nimetafuta kama mistari inatofautiana, sikuwa nimetafuta inatofautiana vipi. Mstari wa pili ulikuwa umelala nyuma kuliko wa kwanza. Kidogo, lakini ulikuwa umelala. Alikuwa anaurudisha.

"Nilizidisha," akasema. "Mwaka jana nilizidisha, na ardhi ilikuwa kavu. Tangu siku ile natafuta njia ya kuirudisha kidogo kidogo bila wewe kujua."

"Na kwa nini uliipinda hapo mwanzo?"

Akachukua uma, akauweka tena.

"Unakumbuka ule mwaka mpira wako uliingia kijitoni pale kumi na sita? Ulikaa kwenye gari, viatu hujavua. Ukasema siku ambayo chuma namba saba hakitakufikisha ng'ambo ya maji, unauza begi na kila kilichomo. Nami nakujua, ungeuza. Basi kila baridi nikawa naipinda kidogo, saba na vyuma vingine, ufike."

Nilikuwa nimeyasema hayo. Nilikuwa nimeyasahau.

"Kwa hiyo sikufika mimi. Umefika wewe na jiriwa yako."

"Umepiga wewe, mama. Mimi nilikuwa nalala usingizi."

Nilikasirika kuliko nilivyokasirika nilipodhani ni msaliti. Msaliti ningejua la kumfanyia. Nikamwambia aende bandani airudishe saba ilivyokuwa ilipotoka dukani, yote, sasa hivi, nami nitasimama nitazame.

"Chuma kimechoka," akasema. "Kimepindwa mara nyingi."

"Hata mimi nimechoka. Twende."

Jua lilikuwa bado halijazama. Akakibana kichwa kwenye jiriwa, akashika mpini kwa ile nyenzo yake ndefu, akavuta polepole. Sauti ilikuwa ndogo, kama kijiti. Shingo ya fimbo ikakatika. Kichwa cha saba kikabaki kwenye jiriwa, na Lorne akabaki na mpini, ananitazama kama aliyevunja kitu cha kanisa.

Kisha nikasema, "Nipe kile kilicho nyuma ya makopo ya rangi."

Hakubisha. Akatoa fimbo fupi ya kichwa kinene, cha mviringo, na ile raba ya buluu. Fimbo ya namna hiyo huinua mpira juu bila kutaka nguvu nyingi, na mpira ukishuka hauna haraka ya kwenda popote. Jessie anayo, na mimi ndiye niliyekuwa naziita fimbo za vikongwe, kwa sauti, klabu nzima isikie.

"Nilikununulia kitambo," akasema. "Nikaogopa kukupa."

"Uliogopa nini?"

"Mdomo wako."

Kesho yake nikatandaza magazeti sakafuni jikoni, nikamwaga begi zima. Sheria inaruhusu fimbo kumi na nne, nami siku zote nilibeba kumi na nne, kwa sababu nilidhani anayebeba pungufu anakubali kitu. Nikatoa vyuma viwili virefu ambavyo sikuwahi kuvipiga vizuri hata nilipokuwa msichana, nilivibeba vionekane tu. Vilivyobaki nikavipeleka kiwanjani asubuhi watu hawajajaa, nikapiga kila kimoja, nikatazama kilipoangukia kweli, si kinaposema kinaangukia. Namba zilizochongwa chini nikazifunika kwa plasta, nikaandika juu yake shimo ambalo fimbo hiyo inalifaa. Namba zenyewe zilikuwa za uongo tangu Lorne alipoanza kuzipinda.

Kisha nikapanga. Ndefu juu, karibu na mgongo wa begi, fupi chini zisigongane. Ile ya kusukumia mpira shimoni, iliyokuwa ya mama yangu, peke yake pembeni. Glavu mbili, maana mvua haipigi hodi. Koti. Peremende za Jessie za maziwa, ambazo husema hazitaki kisha anamaliza. Ya buluu nikaiweka mahali pa saba. Begi likawa jepesi, na bega langu halikuulizia kilichokosekana.

Siku ya mechi upepo ulitoka baharini. Tulipofika kumi na sita tulikuwa sawa na Muriel na mwenzake. Jessie alitazama maji, akatazama ufukwe, akanitazama mimi.

"Usiniue, Netta."

Nikachomoa ya buluu. Muriel alikuwa ametangulia ng'ambo ya kijito, kuungojea mpira wa mwenzake.

"Hee," Jessie akasema kwa sauti ya chini. "Si ulikuwa unaziita fimbo za vikongwe?"

"Na mimi ni nani?"

"Mimi sijasema kitu."

Nikapiga. Mpira ukapanda, ukapanda, mpaka nikadhani upepo utaurudisha miguuni kwangu. Ukaanguka kwenye grini, ukakaa hapo hapo kama kuku aliyepata kiota. Jessie akausukuma, ukaingia. Tuliishika tofauti ile ya shimo moja mpaka mwisho, ingawa kombe lenyewe walilichukua Pitcarron kwa jumla ya mechi, kama kawaida yao. Tukirudi klabu Jessie alikuwa anatafuna peremende yangu.

"Mwakani tuanze mazoezi mapema," akasema.

"Na Catriona?"

"Catriona gani?"

Nilitangulia kufika nyumbani. Kadibodi ya shayiri ilikuwa juu ya rafu ya jikoni, nilipoiweka tangu jioni ile, na begi la Lorne lilikuwa limesimama mlangoni. Sasa, Lorne ana miaka mingi kuliko mimi, na kila Jumapili huniambia kwamba yeye pale kumi na sita hufika kwa nane. Nane, si saba, na kadiri namba inavyopanda ndivyo fimbo inavyopunguza umbali. Sijui ni nini kilichonisukuma. Pengine mtu akishaanza kushuku hajui pa kuacha. Nikachomoa nane yake, nikaisimamisha kwenye fremu ya mlango, nikaweka kadibodi.

Uso wake ulikuwa wima kuliko mstari wangu wa kwanza, ule wa aibu. Wima kuliko saba yangu ilivyowahi kuwa. Alikuwa ameanza kuzipinda zake, kabla hajagusa zangu.

Niliirudisha fimbo begini. Aliporudi nilikuwa nachota supu ya samaki wa moshi.

"Muriel ameniuliza umepiga namba gani pale kumi na sita," akasema akikaa. "Alikuwa mbali, hakuona vizuri."

"Ukamwambiaje?"

"Saba."

Nikaweka bakuli mbele yake, nikamkatia mkate.

"Na wewe bado unafika kwa nane?" nikamwuliza.

Kijiko kikasimama kabla ya mdomo. Akatazama rafu iliyokuwa na kadibodi. Haikuwepo, ilikuwa motoni tayari. Akanitazama mimi, akitafuta usoni mwangu kama najua au sijui.

"Kwa nane," akasema.

"Kunywa supu, inapoa."