Kadi za Kijani za Fundi Redio

Kwa miaka thelathini na mmoja mzee huyu alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Wenzake walimpa jina la Bwana Mkato, kwa sababu siku moja alisimamisha mashine nzima kwa ajili ya alama ya mkato iliyopotea. Mkubwa wa kiwanda alikuja juu. Yeye akamjibu, "Mashine itapumzika kidogo. Kosa likishachapwa halipumziki." Jina likamganda tangu hapo, hata mkewe akikasirika alimwita hivyo hivyo.

Alistaafu akiwa na riwaya moja iliyojaza madaftari kumi na saba, habari za familia moja na nyumba yao kwa vizazi vitatu. Alikuwa ameiandika kwa miaka ishirini na miwili na hakuna aliyewahi kuonjeshwa hata ukurasa. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Siku aliposhindwa kusoma mwandiko wake wa jana, alimwita binti yake, kitinda mimba, mpimaji wa maabara hospitalini.

"Mama," alimwambia, maana ndivyo alivyozoea kumwita, "nina mzigo, na mabega yamegoma."

Binti akanunua programu ya kuandikia vitabu virefu. Kila alasiri alitoka kazini, macho yamechoshwa na hadubini, akakaa kwenye meza ya baba yake kando ya kabati la chuma na kuyaingiza madaftari. Katika programu ile kila tukio lilikuwa na kadi yake, na kadi zote zilionekana kwenye skrini kama zimebandikwa ukutani. Ukitaka kuhamisha tukio, unaiburuta kadi yake mpaka unakotaka. Kila mhusika alipewa rangi, ili uone mara moja anatokea wapi na wapi.

Mzee aliitazama skrini kwa shaka. "Kwa hiyo watu wangu unawashonea sare?"

"Nawafanyia sensa, baba. Wamepita sitini, na wawili kati yao wamemwoa mke mmoja bila kujuana."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Hilo la mke alilirekebisha siku ile ile.

Kifungua mimba wa familia ya kitabuni alikuwa fundi redio. Binti alimpa rangi ya kijani na mkono ukamwia mzito kidogo, kwa kuwa alimjua. Kaka yake mwenyewe alikuwa fundi redio, akafariki kwa homa ya ghafla akiwa na miaka ishirini na tisa. Sasa ilikuwa imepita miaka kumi na minne. Kitabuni pia fundi alikufa kwa homa, katika sura ya tisa, kwa sentensi moja tu: asubuhi hiyo hakuamka.

Binti alipomaliza daftari la mwisho alizitandaza kadi zote. Kijani kilijaa mpaka sura ya tisa, kikakoma. Lakini katika sura ya kumi na nane kilikuwapo tena. Sura ya ishirini na tatu, mara mbili. Mbele zaidi, mara nne. Alidhani amekosea kupaka rangi, akafungua moja moja. Fundi alikuwa akitengeneza kitasa cha mlango. Fundi alikuwa akibishana na mama yake juu ya chumvi. Katika kadi ya mwisho fundi alikuwa na mvi, amembeba mtoto mchanga wa dada yake, akimwimbia wimbo wa tangazo la sabuni.

Binti alikuwa na mtoto mmoja, aliyezaliwa miaka minane baada ya kaka yake kuzikwa. Kisha akajiambia ni uzee, mtu husahau. Programu ilikuwa na folda ya vitu vilivyotolewa lakini havijafutwa, naye akaziburuta kadi zote saba huko.

Kesho yake alimweleza. "Baba, fundi amekufa sura ya tisa, halafu anaendelea kutembea. Nimezitoa hizo sehemu."

"Umemtoa?"

"Sijafuta kitu. Zipo hapa pembeni."

"Nimesahihisha vitabu vya watu miaka yote ile," mzee akasema polepole. "Unadhani sikuliona hilo? Funga hiyo mashine."

Siku nne hakumsemesha zaidi ya kuitikia salamu. Siku ya tano binti alimkuta mama yake jikoni, akamwambia yote.

"Umegusa donda," mama akasema. "Mwaka ule wa msiba baba yako hakulia. Watu wakamsifu, eti amejikaza kiume. Aliporudi kutoka makaburini aliingia chumba chake cha kuandikia akafunga mlango. Mimi nikadhani anasali."

Akaifuta mikono yake, akaenda moja kwa moja mpaka kwa mumewe.

"Bwana Mkato, binti atanisomea hayo uliyoyaficha. Ni mwanangu pia."

Mzee alikisogeza kiti chake kupisha njia.

Binti alisoma zote saba. Kwenye chumvi mama yake alicheka. Kwenye mtoto mchanga aliuziba mdomo kwa upande wa mtandio.

"Mlimzika sura ya ngapi?" akauliza hatimaye.

Binti alizipitia kadi. Akarudia tena. "Hakuna, mama. Sura ya kumi wanajenga uzio."

"Basi ndiyo maana haondoki."

Mzee alikuwa akitazama dirishani. Akageuka. "Fungua kadi mpya. Iweke baada ya ile ya homa."

Akaanza kutaja maneno, binti akiandika. Alieleza waliochimba, waliomwosha, jirani aliyeleta viti bila kuombwa.

"Jua lilikuwa kali," akasema.

"Halikuwa," mkewe akamkatiza. "Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Udongo ulikuwa mzito."

"Weka mvua."

Alipofika kwenye viatu vya fundi, vilivyobaki mlangoni wiki nzima bila mtu kuthubutu kuviondoa, sauti ilimkatika. Akalia kwa nguvu, kilio cha mtu asiyejua kulia. Mkewe akamshika bega, naye binti akauondoa mkono kwenye kibodi na kusubiri.

Mazishi yale yaliwachukua alasiri sita. Baada ya hapo kadi nne za kijani ziliburutwa nyuma, kabla ya homa, kwa kuwa yalikuwa mambo ambayo mtu hai aliweza kuyafanya. Mbili mzee alizifuta mwenyewe, kidole chake kikiongozwa na cha binti. Ya mtoto mchanga haikuingia popote.

"Iache kwenye folda," akasema. "Hiyo si ya kitabu. Ni yetu."

Riwaya ilikamilika miezi mitano baadaye, sura arobaini na moja. Binti aliituma kwa mchapishaji, na jibu bado halijaja. Siku hizi mzee hukaa kibarazani alasiri na mkewe. Humtaja mwanawe wa kwanza kwa jina lake, jambo ambalo kwa miaka kumi na minne hakulifanya mbele ya mtu.