Mguu Uliobaki Bwejuu

Alasiri moja, Maryam akichambua mchele barazani kwao Kikwajuni, simu ya baba yake ililia na kumpongeza mzee kwa kutembea. Mzee Ubwa alikuwa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti kabla ya mfungo, kwa ajili ya sukari, na magongo yake yalikuwa yameegeshwa ukutani, yana vumbi.

"Umekwenda wapi, baba?"

"Msalani."

Simu alipewa na mradi mmoja wa wazee wenye kisukari. Asubuhi anajitoboa kidole, kimashine kinapima, simu inapokea na kumwambia ale nini, kisha inahesabu hatua zake mchana kutwa. Siku hiyo ilihesabu nyingi kuliko za mchukuzi wa soko la Darajani. Kesho yake zikazidi. Na sukari, iliyokataa kushuka kwa dawa na hata kwa kuacha halwa, ikaanza kushuka. Mzee alifurahi mno. Kidole cha mguu wa kushoto kilikuwa kimeshaota kidonda, na daktari alimwambia wazi: sukari isiposhuka, na huo utamfuata mwenziwe.

Nadhira, msichana wa mradi, alikuja kuikagua simu. Aliizima, akaiwasha.

"Simu nzima hii, babu. Kuna mtu anatembea."

"Basi ni mguu," alisema Mzee Ubwa.

Mguu ulikuwa umezikwa kwao Bwejuu, kwa kuwa kiungo cha mtu hakitupwi. Enzi zake mzee alizunguka Unguja nzima akiuza kamba za usumba wa makumbi ya nazi, hakai kijiji kimoja hata nguo zikauke. Mguu kama ule ungetulia vipi? Maryam akampigia Jecha, mdogo wake mzee, aliyechimba kaburi.

"Ba'mdogo, mguu uliuzika vizuri?"

"Pale mawe matupu, mwanangu. Nikasema mguu tu huu, mwanandani wa nini. Nikachimba kina cha goti."

"Basi umetoka."

"Nnajua. Hupita hapa kila asubuhi. Nilidhani mmeuruhusu."

Jecha alijitolea kuuzika upya, chini zaidi. Mzee Ubwa alimwambia athubutu aone.

Tangu hapo kila alasiri wazee wa mtaani walikusanyika kuitazama simu kama watu wanaotazama mpira. Hatua zikipanda, wanapiga makofi. Bi Ummkulthum, jirani mwenye sukari na simu kama ile, alikuja na kiti chake mwenyewe.

"Miye n'nayo miwili na yote mivivu. Niazime wako, Ubwa."

"Kakate wako kwanza."

Kidonda cha kushoto kikakauka. Mzee hakuweza tena kukaa kitako kwa furaha; akataka kujua mguu wake unakwenda wapi. Nadhira akaomba gari ya mradi, wakaenda Bwejuu yeye, mzee na Maryam.

Mguu ulipita mbele ya nyumba ya Jecha jua likianza kupanda. Ulikwenda kwa kuruka, una mchanga, kipande cha sanda kikiburuta nyuma. Wanawake waliokuwa wakienda kwenye mwani waliupisha. Ulitoka kijijini, ukashika njia ya mawe, gari ikaufuata polepole, mpaka kituo kimoja cha afya, mbali. Ukaingia kwenye foleni, mama mjamzito akasimama nyuma yake.

Mzee Ubwa alilijua benchi lile. Alipokuwa na kidonda cha mguu wa kulia, akiishi bado Bwejuu, alikuja hapa kwa miguu mara nyingi sana, na kila mara alirudishwa, mpaka kidonda kilipokuwa cheusi.

Mhudumu alitoka, akautazama mguu.

"Vikaratasi vya kupimia sukari havijafika. Njoo kesho."

Mguu ulisimama kidogo, kama aliyesikia na bado ana tamaa, kisha ukageuka. Mkononi mwa mzee simu ikalia: hongera, umefikia lengo. Mzee akaibusu.

"Vitakuja lini?" Nadhira aliuliza.

"Tumeshaagiza," alisema mhudumu.

Maryam akaingiwa na hofu. "Na vikija? Mguu ukishapimwa si utatulia? Sukari ya baba itapanda, na huu wa pili uondoke."

Mhudumu akamshika bega kwa huruma.

"Ondoa wasiwasi, dada. Haviji."

Mama mjamzito akasogea, akaambiwa yake, naye akaondoka.

Mzee Ubwa akatoa mkobani kandambili ya kulia, mpya, iliyokaa bure tangu aliponunua jozi ya mwisho. Mguu ulipofika kwenye gari, akainama, mlango wazi, akaukung'uta mchanga na kuuvisha.

"Kesho uwahi," aliuambia. "Foleni ndefu."