Karatasi Isiyo na Jina

Goodness wa kidato cha pili aliamini alichoambiwa, na hilo ndilo lililomponza. Fortunata, dada wa utafiti, alisimama mbele ya darasa pale sekondari ya Isansa akasema maswali haya ya tumbaku yanaulizwa nchi nyingi, na majibu yatawekwa mtandaoni dunia nzima iyasome.

"Ila msiandike majina. Hakuna atakayejua nani kajibu nini. Semeni kweli tu."

Umewahi kuvuta, hata pafu moja? Goodness alimfikiria bibi yake, asiye na meno wala pumzi, ambaye kila jioni humpa kiko akamwashie jikoni. Na kiko hakiwaki bila kuvutwa. Akaweka tiki kwenye Ndiyo, kisha kwenye Kila siku. Nyuma yake Masumbuko, mwenye sigara za ng'ambo ya mpaka ndani ya soksi, aliweka Hapana kwa uso mkavu.

Fortunata alitoka kwenda kugawa fomu darasa jingine, akamwachia Mwalimu Kefa wa nidhamu akusanye. Kefa alikusanya kama mtihani unavyokusanywa siku zote, kwa namba za mahudhurio. Kabla ya kufunga bahasha aliketi ofisini, daftari la mahudhurio pembeni, akazipekua. Ndiyo ilikuwa moja tu, karatasi ya kumi na nne.

Jumatatu alimwita Goodness mbele ya mstari.

"Namba kumi na nne. Tuonyeshe unavyovuta."

"Ni kiko cha bibi, mwalimu. Huwa namwashia."

Shule nzima ilicheka, Masumbuko kuliko wote. Akachapwa viboko vinne, akapewa barua ya kufukuzwa, wiki tatu kabla ya mtihani wa taifa. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, wanasema. Wa Mwalimu Kefa, hapana.

Fortunata hakujua lolote. Takwimu zilifika mtandaoni safi, wataalamu wa nchi kadhaa wakazipakua, na hata wangekesha wasingempata Goodness humo.

Jioni ile ya Jumatatu bibi aliita kutoka barazani. Hakuwa ameambiwa kitu. Goodness aliingia jikoni, akaweka kaa juu ya tumbaku, akavuta. Siku zote alitema moshi na kusukutua. Leo aliumeza, kwa hasira, akavuta tena na tena.

"Mjukuu wangu, mbona kinachelewa?"

"Naja, bibi," alisema, akavuta tena.