Foleni ya Bibi Genowefa

Saa tatu na robo asubuhi Beata alimteremsha mama yake kwenye gari nje ya bustani ya michezo ya kupanda, akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu na kumfunika magoti kwa blanketi, ingawa ulikuwa mwezi wa Juni na jua lilikwishaanza kuchoma. Mapajani akampakatisha mkoba wenye mayai ya kuchemsha, mikate ya soseji, chupa ya chai, sufu ya kufumia na cheti cha ulemavu. Cheti ndicho kilichokuwa na maana. Kwa cheti kile Bibi Genowefa, pamoja na watu wanne wa kumsindikiza, aliruhusiwa kuingia kwenye mchezo wowote wa bustani ile kwa mlango wa kutokea, bila kupanga foleni.

Mwezi Mei daktari wa moyo kule Opole alikuwa amesema bibi amebakiza miaka miwili hivi ya kuishi, akijitunza. Kwa hiyo safari hii waliiita zawadi ya Bibi. Irek, mumewe Beata, ndiye aliyekumbuka habari ya cheti, na hakuna aliyeona haja ya kuyataja mambo hayo mawili kwa pamoja.

"Mimi nataka wale farasi tu," Bibi Genowefa alisema langoni, akiwaonyesha farasi wa mbao waliokuwa wakizunguka taratibu, wengi wao mgongo mtupu. "Kati yao kuna kigari. Hata mimi mtanipandisha."

"Baadaye, Mama. Farasi hawana foleni, hawatukimbii."

Walianza na Joka, ile treni ya kupinduka. Ubao ulisema dakika tisini za foleni. Walipopita na kiti, watu waliokuwa kwenye foleni waliinamisha macho kwa heshima, na pacha wao wawili, Tymon na Jagoda, wakaanza kutembea polepole kama watu wenye msiba. Bibi waliegesha chini ya mti karibu na mlango wa kutokea. Mlango huo ulikuwa wa michezo mitatu, hivyo kiti hakikuhitaji hata kusogezwa.

Waliporudi baada ya dakika kumi, blanketi lilikuwa limejaa majani ya njano. Nywele za Bibi, ambazo Beata alizitia rangi jana yake, zilikuwa nyeupe vidole viwili kutoka kichwani. Jozi sita za soksi zilikuwa tayari.

"Agosti ilinyesha sana," alisema. "Septemba haikuwa mbaya."

Mlinzi wa mlango, mzee mmoja aitwaye Waldemar, alieleza kama mtu anayeelekeza choo kilipo. "Dakika za foleni hazirukwi, dada. Lazima mtu azingoje. Na kwa mwenye kiti kila dakika ni siku."

"Na tukitaka isiwe hivyo?"

"Mnapanga foleni kama wenzenu."

Beata aliitazama foleni. Ilikuwa imejikunja mara nne, na jua lilikuwa juu yake.

"Mama, tutapanda michezo miwili tu mpaka jioni!" Tymon alisema.

"Nendeni," Bibi Genowefa alisema. "Foleni mtanifundisha ninyi? Nilipanga siku mbili kwa viatu vyako vya komunyo ya kwanza, Beata. Vikaja vikubwa, tukajaza pamba."

Beata alivikumbuka viatu. Siku zile mbili hakuwahi kuziulizia, wala mama yake alilala wapi. Wakaenda kwenye mchezo wa maporomoko ya maji, dakika mia na kumi.

Safari hii walimkuta na theluji mabegani. Mkononi alishika nusu ya mkate wa Krismasi, ule mweupe, mwembamba kama karatasi, ambao kila mtu humega na mwenzake kabla ya kula.

"Nimeumega na bwana Waldemar. Alikuwa zamuni," alisema. "Na ile sahani tupu ya Krismasi, ya mgeni asiyetarajiwa, niliiweka, kifuniko hiki cha kopo la mikate. Nikasema labda ninyi."

Beata aliifuta theluji kwa kiganja. Aliona aibu, ile aibu ya kweli inayochoma masikio. Akasema mara hii atabaki. Irek akamjibu kwa upole kwamba kubaki kwake hakupunguzi hata siku moja, na hilo lilikuwa kweli. Wakaenda wote wanne kwenye mnara, mchezo wa tatu, dakika sabini na tano, na kule juu Beata alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kutoka huko aliona mti mmoja tu, ule wa mama yake, ukichipua upya.

Jioni mwenye farasi alikuwa akiwafunika kwa turubai.

"Si neno," Bibi Genowefa alisema.

Julai daktari alipima, akapima tena. Akasema si miwili tena, ni mmoja na kidogo. Akauliza kama bibi alifanya kazi nzito.

"Alikaa tu," Beata alijibu.

Soksi zilivaliwa majira yote ya baridi, na kila mtu alizisifu.

Juni iliyofuata watoto waliuliza lini wanaenda. Irek alitazama cheti, akaona bado kina miezi mitano. Beata alipofika na mumewe na watoto kumchukua mama yake alimkuta mlangoni, ameshakaa kwenye kiti, blanketi magotini. Amekonda. Kwenye mkoba mlikuwa na donge moja tu la sufu.

"Farasi baadaye," Bibi Genowefa alisema, kabla hajaambiwa.

Kisha akatoa karatasi iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa na mkate wa Krismasi, na safari hii alikuwa ameshaumega kabisa, vipande vinne.

"Uleni sasa," alisema. "Msinisubiri."

Pacha walikula vyao, Irek akala chake akitazama barabara. Beata alikula chake mwishoni. Halafu akamfunga mama yake mkanda, akawasha gari.