Fasi ya Kuacha Kinga

Kila Alhamisi, jogoo wa kwanza alimkuta Kalume yuko macho. Alifunga vikapu viwili vya samaki wa moshi kwenye karia ya baiskeli, akaiacha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mgongoni, akashika barabara ya vumbi kwenda Mbarara. Ni kilomita hamsini na kitu, kilima baada ya kilima, lakini safari haikumchosha. Kilichomchosha ni kufika. Akifika hakuwa na pa kuiweka kinga yake, maana ndivyo watu wa kwao Kivu ya Kusini wanavyoiita baiskeli.

Sokoni baiskeli hazikuingia. Mwanzoni aliifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya umeme nje ya lango. Aliporudi akakuta mnyororo upo, baiskeli ipo, kiti hakipo. Siku hiyo alirudi nyumbani amesimama juu ya pedali njia nzima, na siku tatu zilizofuata hakuweza kukunja goti. Akamwomba mwenye duka la misumari amhifadhie. Wiki ya pili tu yule bwana akasema harufu ya samaki inamfukuzia wateja. Akajaribu kuuza huku anaisukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kikapuni, na wenye vidole vyepesi wakajipakulia kwa upande asiouona. Mtu mwenye gari atayaona haya ni mambo madogo. Kalume alikuwa na kinga moja tu, na ndiyo iliyomlisha yeye, mkewe Pélagie, binti yao Divine, na Gad, mdogo wake Pélagie.

Aliyemwokoa ni mwanamke aliyekuja kununua samaki, jina lake Kobusingye, mke wa Sajenti Sulaiman. Watu wa mjini walizoea kumsemesha Kalume Kinyankole, na Kinyankole chake kilikuwa cha kuokoteza. Huyu alisema Kiswahili, lugha ya kambi za jeshi.

"Wewe Mukongo, mbona nashika hiyo baiskeli kama mtoto mgonjwa?"

"Mama, nitaiacha fasi gani? Hapa batu banaiba hata kiti."

"Leta kwangu. Hakuna mwizi nakuja mlangoni kwa sajenti."

Nyumba yake ilikuwa moja ya vile vijumba vya mabati vya mviringo ambavyo askari wenyewe huviita mama-ingia-pole, kwa kuwa mlango ni mfupi na lazima uiname. Vilipangwa kando ya barabara, hatua chache kutoka geti la kambi ya jeshi, mlinzi akiviona vyote. Kobusingye aliiegemeza baiskeli nyuma ya nyumba, yeye akakaa mbele na ukili wake akisuka mikeka. Malipo hakutaka. Kalume akawa anamwachia samaki wawili kila Alhamisi, naye akirudi jioni hukuta kikombe cha bushera, uji mchachu wa mtama, kimefunikwa kwa kisahani, kinamngoja.

Ikaenda hivyo miaka miwili. Kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka, Kalume aliweza kukaa nyuma ya meza ya samaki bila kugeuza shingo.

Alhamisi moja alikwenda na Gad. Kijana mrefu, mchangamfu, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na hakuwa na kazi.

"Mama Shanitah," Kalume alimwambia Kobusingye, akimwita kwa jina la bintiye, "huyu ni shemeki yangu, ndugu ya bibi yangu. Siku mi naugua, yeye njo atakuja. Ukimuona yeye, umeniona mimi."

Kobusingye alimtazama Gad kwa utulivu, kama mtu anayesoma namba ya mlango. "Sawa," akasema. "Nimeshika sura yake."

Mwezi wa nne mwaka 2009, Alhamisi asubuhi, Kalume alimwacha Gad kitandani anatetemeka. Alimfunika blanketi la pili, akamwambia Pélagie ampeleke kliniki ya Base Camp, palepale Nakivale, kukikucha, akaenda zake. Saa tisa alasiri, vikapu vikiwa vitupu, alifika kwa Kobusingye. Nyuma ya nyumba hapakuwa na kitu.

Kobusingye aliinua macho kutoka kwenye mkeka. "Umesahau nini?"

"Kinga yangu iko wapi?"

"Si shemeji yako alichukua? Saa tano. Anasema wewe ndiyo umetuma, ati kuna samaki ingine ya kubeba."

"Gad? Gad iko ku kitanda. Nimemuacha asubuhi, anatetemeka."

"Basi leo nimeona roho yake inatembea," Kobusingye akacheka. Kisha akauona uso wa Kalume, na kicheko kikakatika.

Kalume alipata lifti ya lori la mkaa hadi Isingiro, kilichobaki akakimaliza kwa miguu. Alifika usiku umeingia, vidole vimechubuka, moja kwa moja hadi chumba cha Gad. Gad alikuwa palepale, amejifunika yale mablanketi mawili, uso ukutani.

"Ametoka leo?" alimwuliza Pélagie.

Pélagie alikuwa amekwisha chuchumaa na beseni la maji ya moto na chumvi. Aliushika mguu wa mumewe, akauosha taratibu. "Hajatoka, Papa Divine. Hata kliniki alikataa, uji nimemunywesha mi mwenyewe."

Kalume hakuuliza tena. Hakumwuliza jirani, hakwenda Base Camp zinakoegeshwa pikapu za Mbarara. Jibu alikuwa nalo tayari, na lilimkaa vizuri kichwani: mke wa askari, mwenye mshahara, mwenye bunduki mlangoni, angemwogopa nani? Mkimbizi?

Kesho yake alisimama kwenye geti la kambi, akamweleza afande wa zamu kwa sauti iliyowatoa wanawake katika vile vijumba vya mabati. Kobusingye akaitwa. Akasema yale yale, neno kwa neno: saa tano, shemeji, samaki ingine.

"Uongo!" Kalume akapaza sauti. "Shemeki yangu hajatoka kitandani, bibi yangu anashuhudia. Huyu mama ni mwizi. Mi naleta samaki miaka miwili, kumbe nalisha mwizi!"

Sajenti Sulaiman alifika akiwa bado na grisi mikononi, maana alikuwa fundi wa magari ya jeshi. Hakumgeukia Kalume. Alimgeukia mkewe, na binti yao Shanitah amesimama pale pale na sare ya shule.

"Umempa mwanaume gani hiyo baiskeli?"

Kobusingye alimtazama mumewe. Tangu hapo hakutoa neno lingine, hata afande alipomwuliza mara mbili.

Sulaiman alikwenda nyumbani kwake, akainama, akatoka na baiskeli nyekundu, ile aliyokuwa akiipanda Shanitah kwenda sekondari. Akaisukuma hadi kwenye tumbo la Kalume.

"Chukua. Na samaki yako usilete hapa tena."

Kalume aliichukua. Baadaye, katika yote aliyoyafanya siku ile, lililomchoma zaidi ni kwamba njiani alifurahi. Tairi zilikuwa mpya. Breki zilishika. Kwenye mteremko wa mwisho alipiga mluzi.

Gad alipona upesi. Wiki iliyofuata akasema anakwenda Juba, kuna kazi za ujenzi, rafiki wa kanisani amemsaidia nauli. Pélagie alimkaangia mandazi ya njiani. Kalume alimwombea, mkono juu ya kichwa chake.

Miezi mitano ikapita. Siku moja Kalume alikuwa Base Camp akinunua chumvi ya samaki, akakutana na Semahoro, dereva wa pikapu ya Mbarara.

"Shemeki yako anaendelea aje kule Juba?" Semahoro alimsalimia. "Ule kijana ana mbio! Siku ile baliiba kinga yako, mi njo nilimupeleka Mbarara asubuhi. Aliruka chini gari haijasimama. Saa nane nikamurudisha. Nilifikiri umemutuma."

Kalume aliuliza tena, akataka ahakikishe siku. Semahoro hakuwa na shaka. Siku ile, alisema, pikapu ilipasuka tairi wakati wa kwenda, na Gad ndiye aliyeshika jeki.

Chumvi ilibaki dukani. Nyumbani alimkuta Pélagie anapukuchua maharage.

"Mama Divine. Gad alitoka."

Mikono ya Pélagie ilisimama. Hakuuliza alitoka lini, wala wapi. Hapo Kalume akajua kila kitu, na angetamani angalau aulize.

"Ulijua kabla hajatoka?"

"Hapana. Alirudi saa tisa, akaniambia ameiuza apate nauli ya Juba. Akalia. Alisema akibaki hapa atakufa bila kuwa muntu." Alizungumza huku akiyatazama maharage. "Tulizaliwa batoto sita, Papa Divine. Bale bane balibakia mu vita, unajua fasi gani. Ungetaka nifanye nini?"

"Ungesema."

"Ningesema, ungemupeleka polisi."

"Na yule mama?"

"Yule mama iko na bwana sajenti." Akapukuchua ganda moja. "Nilisema mu roho yangu, yule hawatamufanya kitu."

Kalume alitaka kumkaripia, lakini akayatambua maneno hayo. Ni yale yale aliyoyawaza yeye usiku ule miguu yake ikiwa katika maji ya moto.

Alhamisi iliyofuata alitoka bila samaki. Aliipanda ile baiskeli nyekundu hadi Mbarara. Mbele ya kijumba cha mabati hapakuwa na mkeka wala ukili. Shanitah ndiye aliyetoka, amerefuka, mwiko mkononi. Aliitambua baiskeli kabla ya kumtambua mwenye kuileta.

"Mama yuko?"

"Mama hakai hapa tangu siku ile."

"Na baba?"

"Somalia. Walipeleka kikosi chao mwezi wa saba. Mimi niko na shangazi." Hakumkaribisha. "Mama iko Ruti, anamenya matoke kwenye hoteli."

Ruti ni pembeni mwa mji, malori yanaposimama. Kalume alimkuta nyuma ya hoteli, ameketi juu ya kopo la rangi, kisu mkononi, maganda yamemfika vifundoni. Alisimama mbele yake ameishika baiskeli, akasema yote bila kujitetea: Gad, pikapu, Pélagie. Kobusingye hakuacha kumenya. Alimaliza ndizi moja, akaitupa majini, akachukua nyingine.

"Mimi nilikuambia," akasema mwishoni. "Siku ile ile. Wewe unasema Kiswahili, mimi nasema Kiswahili. Neno gani hukusikia?"

"Nisamehe, mama."

"Hata Sulaiman hakusikia. Aliniuliza mbele ya mtoto wangu nimempa mwanaume gani. Mbele ya afande na bibi za askari wote. Mimi nimekaa kambini miaka kumi na tano, hawajapata kuniita mwizi, hawajapata kuniita malaya. Wewe ulileta yote mbili siku moja."

"Nimeleta kinga yenu."

"Mpelekee mwenyewe, Shanitah. Mimi siendi shule."

Kalume aliuliza afanye nini. Kobusingye alifuta kisu kwenye kanga.

"Ulisema getini. Nenda useme getini."

Alikwenda. Njia nzima aliisukuma baiskeli, hakuthubutu kuipanda. Getini alikuta vijana wawili asiowafahamu. Alisimama pale pale aliposimama mwezi wa nne, akaanza kwa sauti ile ile: kwamba Mama Shanitah, mke wa Sajenti Sulaiman, hakuiba, kwamba mwizi alitoka nyumbani kwake mwenyewe, kwamba yeye Kalume ndiye aliyesema uongo.

"Sulaiman nani?" aliuliza mlinzi mmoja.

"Fundi wa magari."

"Kikosi hicho kilienda. Sisi ni wageni, tumetoka Gulu." Alimtazama juu mpaka chini. "Mzee, una kesi?"

"Sina kesi. Nataka batu basikie."

"Watu gani?"

Kalume aligeuka kutazama vile vijumba. Milango mingi ilikuwa na mapazia mapya. Mwanamke mmoja alikuwa akianika nguo za mtoto. Akamtazama kidogo, akaendelea kuanika. Wale waliotoka siku ile kusikia jina la mwizi walikuwa wamehamia kambi nyingine, na walikokwenda, jina hilo walikwenda nalo. Hata hivyo alisema yote hadi mwisho. Mlinzi alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia asimame pembeni, kuna gari linaingia.

Baiskeli alimwachia Shanitah. Msichana alizungusha gurudumu la nyuma, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akakuta imelika. Hakusema asante, na Kalume hakuitarajia. Aliisukuma ndani, akainamisha usukani upite mlangoni, akafunga.

Tangu hapo Kalume aliwauzia samaki wake wachuuzi waliokuja Base Camp, kwa bei waliyoitaka wao. Nyumbani, yeye na Pélagie walisema yaliyo lazima tu: maji, kuni, karo ya Divine.

Karibu na Krismasi simu ya Pélagie ililia. Ni Gad, kutoka Juba, sauti imenenepa. Baada ya salamu aliomba azungumze na shemeki wake. Pélagie alimnyooshea Kalume simu.

Kalume alimweleza yote aliyoyaona: Ruti, maganda ya matoke, mtoto wa watu aliyekosa baiskeli miezi mitano, mama aliyeitwa mwizi na malaya mbele ya kambi nzima. Alisema bila kupaza sauti.

"Lakini shemeki," Gad akasema, "si ulipata ingine?"

Kalume alimrudishia Pélagie simu yake. Akatoka nje, akachukua panga, akaanza kupasua kuni za kukaushia samaki.